Wasomaji Wanauliza: Muuaji Namba Tatu na Mwongozaji Aliyefukuzwa

SWALI: Nimetazama nakala iliyorejeshwa ya Branded to Kill (1967), filamu ya Kijapani ya wauaji wa kukodiwa. Hadithi inarukaruka, mtu yuko hapa mara yuko kule. Kuna vipande vilivyopotea?

JIBU: Hakuna. Filamu ni ya dakika 91, na mirukio hiyo ni ya mwongozaji Seijun Suzuki mwenyewe. Studio ya Nikkatsu ilimpa hadithi za magenge zilizofanana kama pacha, naye akawa anakata maelezo na kubakiza tukio. Ukijaribu kufuatilia nani kamtuma nani utachoka bure. Shika namba tu. Hanada (Joe Shishido) ni muuaji wa tatu kwa ubora na anataka kumjua namba moja. Mtazame anapolenga shabaha kwa bunduki: kipepeo anatua kwenye mtutu, risasi inakwenda upande, anakufa asiyehusika. Kuanzia hapo mwindaji anawindwa. Mauaji ya daktari wa macho nayo ni mafupi mno: Hanada anafungua bomba la sinki kutoka chini na kufyatua risasi ipande na bomba hadi kwa daktari aliye juu. Ukipepesa macho, yamekupita.

SWALI: Ni kweli Suzuki alifukuzwa kwa sababu ya filamu hii?

JIBU: Kweli. Mwaka 1968 mkuu wa Nikkatsu, Kyusaku Hori, alimtimua akidai filamu zake hazieleweki wala haziingizi pesa. Suzuki akaenda mahakamani. Mwaka 1971 wakapatana: yeni milioni 1 na kuombwa radhi. Lakini hakuongoza tena filamu ya sinema hadi 1977, maana kampuni kubwa zilimfungia milango. Ajabu ni kwamba mwaka 2022 filamu ileile, ikiwa imerejeshwa na Nikkatsu, ilishinda tuzo ya filamu bora iliyorejeshwa kwenye tamasha la filamu la Venice, Italia.

SWALI: Kwenye televisheni yangu picha ina chengachenga, na juu na chini kuna weusi. Nirekebishe nini?

JIBU: Chenga hizo ni za mkanda wenyewe, ziache. Kwenye mipangilio ya televisheni, zima kilainisha-mwendo (motion smoothing) na kipunguza-chenga (noise reduction), kisha shusha ukali wa picha (sharpness). Vikiwa juu, nyuso hugeuka plastiki. Weusi nao usiuguse. Picha ni pana, upana wake ni mara 2.35 ya kimo, kwa hiyo kwenye kioo cha 16:9, umbo la televisheni nyingi za sasa, karibu robo ya kimo hubaki tupu. Ukiikuza ijae, utapoteza karibu robo ya upana, na Suzuki hupenda kuwaweka watu pembeni kabisa.