Chai ya artemisia na malaria yangu

Shangazi yangu, hapa Arusha, ana shina la artemisia nyuma ya jiko. Nilipougua malaria alinichumia majani, nikachemsha, nikanywa asubuhi na jioni kwa siku tano. Siku ya pili homa ilishuka, nikawapigia simu ndugu kuwasimulia. Wiki mbili baadaye ilirudi kwa kishindo, nikapelekwa kituo cha afya nikiwa sijiwezi.

Sisemi mmea huu hauna dawa. Wachina wanauita qinghao, na katika karne ya 4 tabibu Ge Hong aliandika jinsi ya kuutumia kwa homa za vipindi: chukua konzi moja, loweka kwenye maji, kamua, kunywa yote. Hakusema uchemshe! Mtafiti Tu Youyou wa Beijing alihangaika na mmea huo huo, leo unafanya kazi, kesho haufanyi, hadi aliposoma tena maneno hayo na kushuku kuwa moto ndio unaoharibu dawa. Mwaka 1971 akaitoa dawa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto 35 hivi tu, na alichopata kikamaliza vimelea vya malaria kwa panya na nyani. Mwaka 1972 akakinywa mwenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015.

Mimi nilikuwa nachemsha birika zima. Tena artemisinini, ndiyo dawa yenyewe, haiyeyuki vizuri kwenye maji, kiasi chake hutofautiana shina kwa shina, na hudumu kwenye damu saa chache tu. Vimelea vyangu vilipungua, havikuisha. Kuvipa dozi hafifu namna hiyo pia kunavizoesha dawa, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halishauri chai hii kwa malaria.

Ukihisi homa, pima kwanza. Ukikutwa na malaria ya kawaida ukapewa dawa mseto iitwayo ALu, ndani yake mna dawa iliyotokana na mmea huu pamoja na lumefantrini, inayobaki mwilini siku nyingi na kumalizia vimelea vilivyosalia. Mtu mzima humeza vidonge 4 kila dozi, dozi 6 kwa jumla ndani ya siku 3. Dozi ya pili humezwa yakipita masaa 8 tangu ile ya kwanza. Meza baada ya chakula chenye mafuta au maziwa, hufyonzwa vizuri zaidi. Usiache ukijisikia nafuu siku ya pili, kama nilivyojidanganya mimi. Mjamzito aseme mapema kuwa ni mjamzito. Na mtoto mdogo akipata homa, usimjaribie majani kabisa. Mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo.