Watoa huduma za utengamao waandike kuhusu uamuzi mmoja kwanza, muundo wa makala utafuata

Mleta mada, salaam. Umeuliza jinsi ya kuwafundisha watoa huduma za utengamao katika jamii, hawa wanaotembelea kaya zenye watu wenye ulemavu kuwasaidia waishi na kushiriki katika jamii yao, waandike uzoefu wao hadi uchapishwe. Umeuliza pia kama uanze na mbinu za utafiti, na waandike kwa lugha gani. Mafunzo ya namna hii nimeyaendesha, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Mbinu za utafiti ziache kwanza. Ukianza nazo watakaa kimya, watanakili kila unachosema, kisha watakuletea kitu kinachofanana na ripoti ya mradi. Hawa si watu wasiojua kuandika. Wameandika miaka mingi, ila wamezoea kumwandikia mfadhili: kaya ngapi zilifikiwa, wangapi walipewa elimu, changamoto, mapendekezo. Lugha hiyo ina ubaya mmoja mkubwa: inamfuta mtoa huduma mwenyewe. Ukisoma "familia ilipewa elimu ya ulishaji" hujui alifanya nini wala alijuaje la kufanya.

Sentensi hiyo hiyo niliikuta kwenye rasimu ya mtoa huduma mmoja aliyekuwa akimhudumia mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Nikamwambia aweke karatasi chini anisimulie. Ikatoka habari nyingine kabisa. Mtoto alikuwa akilishwa akiwa amelazwa chali, anapaliwa na kukohoa kila mlo, na haongezeki uzito. Mama wa mtoto alishafundishwa kituoni jinsi ya kumkalisha wima na kichwa kiinamie mbele kidogo, na alielewa vizuri tu. Lakini mtoa huduma, kwa kufika nyumbani saa ya chakula, aligundua kwamba anayelisha si mama, ni dada wa mtoto, naye humlisha harakaharaka kwa sababu ana kazi nyingine zinazomsubiri. Akaacha kumfundisha mama. Akamfundisha dada, kisha akakaa na familia wapange upya kazi za saa ile. Hiyo ndiyo makala! Jambo hilo mtaalamu wa kituoni hawezi kuliona akiwa kituoni, na mtoa huduma alikuwa amelifukia chini ya maneno "ilipewa elimu".

Ndiyo maana naanza na uamuzi mmoja. Kila mshiriki achague mara moja tu ambapo alibadilisha njia aliyofundishwa, amsimulie mwenzake kwa mdomo, na mwenzake amuulize: uliona nini? Kwa nini ulifanya hivyo na si vingine? Baadaye kikatokea nini? Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa. Mpangilio wa utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala utakuja baadaye, tena utaingia kirahisi kwa sababu maswali hayo tayari yameufungulia njia. Wasisitizie sana swali la tatu. Ripoti zimewazoesha kuficha kilichoshindikana, wakati mtoa huduma mwingine anayesoma anahitaji kujua hasa kwa nini kiti cha mbao hakikutumika au kwa nini kikundi cha wazazi kilisambaratika.

Rasimu ikishapatikana, ndipo naleta ile jedwali ya mwongozo wa utengamao katika jamii uliotolewa mwaka 2010 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake. Ina nguzo 5: afya, elimu, kujipatia riziki, maisha ya kijamii, na uwezeshaji. Mwandishi aulizwe habari yake imekaa wapi. Wengi hujibu "afya" kwa mazoea, kumbe uamuzi alioueleza ulihusu riziki ya familia au nafasi ya mtoto shuleni. Hapo makala hupata mwelekeo wake, na mwandishi anajua atafute maandishi gani ya wengine ya kulinganisha na yake.

Suala la ridhaa lipe muda wa kutosha, usilisukume dakika za mwisho. Watu hudhani kubadilisha jina kunatosha. Katika jamii ndogo, ukiandika "mjane mwenye pacha wawili, mmoja hatembei" kila mtu anajua ni nani. Miongozo ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya kitabibu inataka mtu anayeweza kutambulika aonyeshwe andiko lenyewe kabla ya kuchapishwa. Mimi nataka zaidi ya kuonyeshwa: asomewe, kwa lugha yake, na aelezwe kwamba makala ikishawekwa kwenye intaneti hairudi. Akikataa, iache, na huduma yake iendelee vilevile. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayetoa ridhaa, lakini mtoto anayeweza kuelewa naye aulizwe. Kama kazi ina sura ya utafiti, yaani taarifa zimekusanywa kwa mpango ili kujibu swali, kibali cha kamati ya maadili kiombwe kabla ya kuanza. Majarida mengi hayapokei kibali kilichoombwa baadaye.

Jingine linaloniuma ni majina ya waandishi. Mara nyingi mtoa huduma ndiye aliyekusanya kila kitu, kisha makala inatoka na majina ya wataalamu wa ofisini, yeye akiwa kwenye shukrani. Miongozo ileile ina masharti 4 ya kuitwa mwandishi: mchango mkubwa katika kubuni kazi au katika kukusanya au kuchambua taarifa; kushiriki kuandika au kuhakiki rasimu; kuidhinisha toleo la mwisho; na kukubali kuwajibika. Tena inasema wazi kwamba aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika kuandika na kuidhinisha. Wasomee washiriki wako masharti haya. Na mpangilio wa majina ukubaliwe kwa maandishi siku rasimu inapoanza.

Kuhusu jarida, wachague mapema na wasome makala kadhaa zilizotoka humo. Wajihadhari na majarida yanayotuma barua pepe za sifa na kuahidi kuchapisha ndani ya siku chache kwa malipo. Penye ada halali, waulize msamaha wa ada kabla ya kutuma.

Rasimu nyingi hufa baada ya warsha, si ndani yake. Mtu anarudi kazini, kaya zinamsubiri. Kwa hiyo bajeti yako isiishie ukumbini: kila mwandishi awe na mlezi mmoja wa uandishi anayempigia simu, na wakae pamoja inapofika barua ya wahakiki, yaani wataalamu wanaoisomea jarida makala na kuikosoa. Barua ile huvunja moyo isivyostahili. "Marekebisho makubwa" ni habari njema, maana mhariri bado anaitaka kazi, lakini mtu asiyeambiwa hivyo huiweka pembeni moja kwa moja.

Na lugha: waandike kwa ile wanayoitumia wakizungumza na familia wanazozihudumia. Tafsiri ifanywe rasimu ikishakomaa. Mtafsiri arudi kwa mwandishi na kumsomea aya kwa aya alichokielewa, kwa sababu ni mwandishi atakayeulizwa maswali na wahakiki, na yeye ndiye anayejua kama neno "dada" limebaki dada au limegeuzwa kuwa "mlezi".