Mbona rafiki yangu kapewa matone laini, mi kali?

SWALI: Habari dokta, jicho langu lilikuwa jekundu linauma na mwanga siuwezi kabisa, nikaambiwa ni uveitisi (uvimbe ndani ya jicho) nikapewa prednisoloni asilimia 1 niweke kila lisaa. Sasa rafiki yangu macho yalimwasha tu akapewa fluorometholoni mara nne kwa siku, anasema ya kwake haipandishi presha ya jicho. Si bora nihamie hiyo, maana zote si steroidi, dawa za kutuliza uvimbe?

JIBU: Steroidi ni kweli zote, ila hazifiki pamoja. Fluorometholoni inafanya kazi juu juu, kwenye ngozi nyeupe ya jicho, ndani haipenyi sana, ndo maana presha haiisumbui sana na ndo maana wewe haitakutosha, kwa sababu uvimbe wako uko ndani huko kwenye airisi (ile duara yenye rangi inayozunguka mboni), na ukiuchekea airisi inaweza kugandana na lenzi. Halafu kusema haipandishi kabisa sio kweli, steroidi yoyote inaweza, mara nyingi ni baada ya wiki 2 mpaka 6 na wala hutosikia chochote, lazima upimwe. Kama kwenu kuna mwenye glaukoma (ugonjwa wa presha ya jicho) mwambie daktari wako mapema.

Kuna loteprednoli, hiyo ikishafanya kazi jicho lenyewe linaivunja kwahiyo presha haipandi sana, naipenda kwa matatizo ya juu, ila kwa uveitisi kali prednisoloni inaishinda. Ukitaka kali kuzidi yako ipo difluprednati, unaweka mara chache zaidi, lakini presha nayo inaipandisha vizuri tu, hasa kwa watoto.

Enhe, chupa yako unaitikisa? Prednisoloni asetati ni unga unaoelea kwenye maji, ikikaa unatuama chini, usipotikisa unajiwekea maji maji tu halafu unalalamika dawa haifanyi kazi (nakutana nao sana hao). Na jicho likiwa jeupe usiache ghafla, daktari atakupunguzia kidogo kidogo, ukikata siku moja uvimbe unarudi.

Rafiki yako naye usimwazime chupa yako hata akikuomba. Jicho jekundu linaweza kuwa la virusi vya hepesi, ukilimwagia steroidi peke yake kidonda kwenye konea (kile kioo cha mbele ya jicho) kinatanuka.