Mtaalamu Anawajibika kwa Lipi?

SWALI: Mhariri, nimesikia kwamba wanasayansi wa Italia waliwahi kuhukumiwa kifungo kwa sababu ya tetemeko la ardhi. Je, ni haki kumwadhibu mtu kwa jambo lisilotabirika? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, hawakushtakiwa kwa kushindwa kutabiri, ingawa magazeti mengi yaliandika hivyo. Mji wa L'Aquila ulikuwa umetikiswa na mitetemo midogo kwa miezi kadhaa, na tarehe 31 Machi 2009 wataalamu walikutana huko. Siku hiyo ofisa mmoja wa serikali alieleza katika mahojiano kuwa hali ni nzuri kwa sababu ardhi ilikuwa ikipunguza nguvu zake kidogo kidogo, kauli isiyo na msingi wa kisayansi. Tetemeko la Aprili 6 liliua watu zaidi ya 300, baadhi yao, kwa ushahidi wa jamaa zao, wakiwa wamebaki ndani ilhali desturi ilikuwa kulala nje. Mwaka 2012 watu saba, yaani ofisa huyo na wataalamu sita, walihukumiwa kifungo cha miaka 6. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa iliwaachia sita na kumpunguzia ofisa huyo adhabu hadi miaka 2. Kwa maoni yangu rufaa ilipima vyema, lakini ukimya wa wale sita baada ya kauli hiyo bado unanisumbua.