Futi 3 za Utabiri si Futi 3 za Ufukweni

SWALI: Ninajifunza kuteleza kwenye mawimbi kwa ubao, na huu ni mwezi wangu wa nne. Nimezoea kuingia majini utabiri unaposema futi 3. Safari hii unasema futi 3 kwa sekunde 16, ilhali kwa kawaida huwa sekunde 7 au 8. Mwenzangu ananiambia kwamba sekunde ni mambo ya wataalamu, na kwamba kwa kipimo cha Hawaii futi 3 ni mawimbi ya watoto. Je, niingie?

JIBU: Usiingie, na katika jambo hili usimtegemee tena mwenzako, kwa kuwa amekosea mara mbili.

Nianze na kosa dogo. Kipimo cha Hawaii hulipima wimbi kwa mgongo wake, yaani upande wa bahari kuu, na hesabu yake hukaribia nusu ya kimo cha uso ambao mtelezaji anauona mbele yake. Kwa hiyo mtu wa huko akisema futi 3, uso wa wimbi hilo unaweza kufika futi 6, ambazo ni sawa na kimo cha mtu mzima aliyesimama. Anayelitumia neno hilo kukutuliza amelishika kichwa chini miguu juu. Ndiyo maana wateleza mawimbi wengi huacha futi na kupima kwa mwili, wakisema la magotini, la kiunoni, la kifuani au la kupita kichwa, kwani hapo hakuna wa kudanganyika.

Kosa kubwa ni hilo la sekunde, na ndilo ninalokutana nalo kila msimu. Sekunde hizo ni kipindi, yaani muda unaopita kati ya kilele kimoja na kinachofuata. Lugha yetu nayo huchangia mkanganyiko, kwa sababu tunasema "urefu wa wimbi" tukimaanisha mwinuko wake, kisha tunatumia maneno hayo hayo kwa umbali kati ya kilele na kilele. Mimi huwataka wanafunzi wangu waseme "kimo" kwa maana ya kwanza na kuuacha "urefu" kwa ya pili, kwa sababu kati ya bahari uliyoizoea na hii ya sasa kimo hakikubadilika hata kidogo, bali urefu umeongezeka mara tano. Katika maji ya kina kirefu, wimbi la sekunde 7 lina urefu wa mita 76 hivi, na la sekunde 16 lina mita 400. Wimbi huanza kuigusa sakafu ya bahari pale kina kinapokuwa nusu ya urefu wake: la kwanza huigusa kwenye mita 38, la pili kwenye mita 200. Hilo la pili hubeba nguvu zaidi ya maradufu, na likifika kwenye maji haba hupunguza mwendo, hujikusanya na kuinuka. Hesabu ya kawaida ya wahandisi wa pwani inaonyesha kwamba futi 3 za sekunde 7 huvunjika zikiwa na futi 4 hivi, na futi 3 za sekunde 16 hukaribia futi 6. Hesabu hiyo ni ya sakafu yenye mteremko wa kawaida. Penye mwamba au korongo chini ya maji, mawimbi marefu hupinda na kukutana mahali pamoja, na kimo huzidi hapo. Nazaré, nchini Ureno, ambako tarehe 29 Oktoba 2020 Sebastian Steudtner aliteleza kwenye wimbi lililopimwa mita 26.21, inajulikana kwa sababu ya korongo la namna hiyo.

Tena futi 3 zenyewe si kikomo. Tarakimu ya utabiri wa bahari kwa kawaida ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa kuliko mengine, na katika muda wa saa chache hutokea moja linalokaribia maradufu ya wastani huo. Mawimbi ya kipindi kirefu, yale yaliyosafiri kutoka dhoruba ya mbali na ambayo wateleza mawimbi huyaita sweli, huja kwa makundi, nao huyaita seti. Kati ya seti na seti zinaweza kupita dakika kumi au zaidi bahari ikiwa imelala kabisa. Mwanafunzi hutazama dakika mbili, huona maji shwari, huingia, na seti humkuta mahali pabaya kabisa, pale mawimbi yanapovunjikia. Nimewatoa watu majini katika hali hiyo hiyo, nao karibu wote waliniambia kwamba walikuwa wameangalia utabiri.

Kinachonikasirisha ni kwamba wengi wao hawakujidanganya wenyewe. Kuna watu wanaojiita wakufunzi, wanaouza mafunzo ya siku moja na kumpa mgeni maneno ya mtaani ya mchezo badala ya maarifa, hata akajua kulitaja kila wimbi kwa jina lake la mzaha asijue limetoka wapi wala litavunjikia juu ya nini. Kuna programu za simu zinazopaka siku nzima rangi ya kijani kwa kutazama kimo peke yake, na watu huifuata rangi hiyo kana kwamba ni mwokoaji aliyesimama ufukweni. Mkufunzi wa kweli, kabla hujagusa maji, atakuambia kipindi ni sekunde ngapi, sweli inatoka upande gani, chini kuna mchanga au mwamba, na maji yanajaa au yanapwa; kisha atakukalisha ufukweni nusu saa uhesabu seti kwa macho yako. Asiyeweza kukujibu hayo manne usimlipe, na usimfuate majini hata akikupeleka bure.