Barua kwa mwanangu: milioni moja na moja

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama 1,000,000,001 ni namba tasa, yaani kama haina kigawo kingine ila 1 na yenyewe. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimeikumbuka ndugu yake mdogo, 1,000,001, iliyojaza kurasa za lile daftari ambalo mama yako hakukubali litupwe.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, mwalimu akatuuliza swali hilohilo kuhusu namba hiyo, nami nikakesha nikiigawa. Ni witiri, kwa hiyo 2 haikuigawa. Jumla ya tarakimu zake ni 2, kwa hiyo 3 nayo ikashindwa. Na haiishii kwa 0 wala 5. Kwa 7, 11 na 13 nilipata baki ya 2 kila mara, nikafurahi nilipoing'amua sababu: 7 × 11 × 13 ni 1,001, na 1,001 × 999 ni 999,999. Nikaendelea hadi nikazimaliza namba tasa zote 25 zilizo chini ya 100. Ya mwisho, 97, iliacha baki ya 28. Hapo nikaweka kalamu chini. Asubuhi nikasimama mbele ya darasa nikatamka kwamba ni tasa. Mwalimu hakusema neno, aliandika tu ubaoni: 101 × 9,901. Namba tasa inayofuata 97 ni 101. Nilikuwa nimebakiza hatua moja, na mpaka leo inanichoma.

Kutokiona kigawo si sawa na kigawo kutokuwepo. Nimekuambia hivyo tangu utotoni na ninarudia. Namba isiyo tasa daima ina kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili; kipeuo cha pili cha 1,000,001 kinazidi 1,000 kidogo sana, na chini ya 1,000 kuna namba tasa 168, ambazo nilipaswa kuwa tayari kuzipitia zote kabla ya kutamka lolote. Hata mwanahisabati Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297 ni tasa, mpaka mwanahisabati mwingine, Euler, alipoonyesha mwaka 1732 kwamba inagawanyika kwa 641.

Lakini huenda kosa langu halikuwa kuacha mapema, bali kutoitazama namba ilivyojengwa. 1,000,001 ni 100 kwa kipeo cha 3, ukiongeza 1 kwa kipeo cha 3, na jumla ya namba mbili za kipeo cha 3 hugawanyika daima kwa jumla ya namba zenyewe, yaani hapa 100 + 1. Aliyeliona hilo hana haja ya kukesha. Na bado siujutii usiku ule, kwa maana bila zile baki nisingeifahamu 1,001 kwa karibu.

Ama namba yako, nilikwisha kuandika hapa kigawo chake kidogo kabisa, nikakikata kwa wino, na mkono haukupenda. Itazame kwanza, uone ni kipeo cha 3 cha namba ipi ukiongeza 1, kisha uniandikie.

Baba yako