PMP na mshahara wako: ya kujua kabla hujatoa hela

Vijana wanaomaliza MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), Chuo Kikuu cha Iringa na vyuo vingine vya Nyanda za Juu Kusini huuliza sana: nikipata cheti cha usimamizi wa miradi kama PMP (Project Management Professional), mshahara utapanda kwa kiasi gani? Pale ulipo sasa, huenda usipande hata shilingi. Cheti hulipa siku unaposaini mkataba mpya. Ndani ya mkataba unaoendelea, mara nyingi kinabaki kuwa karatasi nzuri ukutani. Ukilijua hilo mapema utachagua vizuri cheti gani uchukue, lini, na nani akilipie.

Tazama mishahara inavyopangwa huku. Halmashauri, TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) au RUWASA (wakala wa maji vijijini) unalipwa kwa ngazi ya mshahara ya utumishi wa umma na muundo wa utumishi wa kada yako. Unapanda kwa kupandishwa cheo, na PMP haimo kwenye hesabu hiyo. Kwenye asasi za Iringa na Njombe zinazotegemea wafadhili, mshahara wako uliandikwa kwenye bajeti ya andiko la mradi kabla hata tangazo la kazi halijatoka. Mkurugenzi akitaka kukuongezea, itabidi apunguze kifungu kingine na pengine aombe kibali cha mfadhili. Hapo cheti kinasaidia pale andiko jipya linapotayarishwa, jina na sifa zako zikiwekwa kwenye nafasi ya meneja mradi. Kwa hiyo uwe nacho miezi kadhaa kabla ya mwaka wa fedha wa mfadhili kuanza. Kwa makandarasi, washauri elekezi na kampuni za chai au mbao za Mufindi ndiko kwenye nafasi kubwa ya kujadiliana, kwa sababu mwenye kampuni huamua mwenyewe.

Kwa wahandisi tuna angalizo: usianze na PMP. Asiyesajiliwa na ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, haruhusiwi kisheria kufanya kazi ya uhandisi, na kwenye orodha ya wataalamu wa zabuni huwezi kuziba pengo hilo hata ukiwa na vyeti kumi vya usimamizi. Sajiliwa kwanza, halafu PMP ije juu yake. Wakadiriaji majenzi nao waangalie bodi yao, AQRB, na watu wa ununuzi PSPTB.

Utakutana na takwimu zinazovutia. PMI, taasisi ya Marekani inayotoa PMP, ilisema kwenye ripoti yake ya mishahara ya 2023 kwamba wenye PMP katika nchi 21 walikuwa na mshahara wa kati ulio juu kwa asilimia 33 kuliko wasio nacho. Ripoti yake ya 2021, iliyohusu nchi 40, ilitaja asilimia 16. Kumbuka kwanza kwamba anayehesabu ndiye anayeuza cheti. Kubwa zaidi, huwezi kuufanya mtihani wa PMP bila uzoefu wa kuongoza miradi, kwa hiyo kundi la wenye cheti lina watu waliokwisha kukomaa kazini. Sehemu ya tofauti hiyo ya mshahara ni malipo ya uzoefu wao, na wangeipata hata bila cheti. Usiende na asilimia 33 kwenye meza ya mwajiri wa Mbeya ukitegemea akubaliane nawe.

Piga hesabu ya mfukoni badala yake. Tuseme uko sekta binafsi, mshahara wa msingi unatoka 2,000,000 kwenda 2,400,000 kwa mwezi. Nyongeza ni 400,000. NSSF asilimia 10 inachukua 40,000. Kinachobaki, 360,000, kinakatwa kodi ya asilimia 30 kwa kuwa umeshavuka milioni moja: 108,000 inaondoka. Kama bado unadaiwa na HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, asilimia 15 ya msingi ni 60,000 nyingine. Mkononi inaingia 192,000, chini ya nusu ya ulichoshangilia. Sasa kama mafunzo, ada ya mtihani, nauli na malazi vimefika 2,500,000, utazirudisha kwa miezi 13 na ushee. Mwenye mkataba wa mwaka mmoja hajazirudisha. Mwenye miaka mitatu anapata faida.

Masharti yenyewe ni haya. Mwenye shahada anatakiwa awe na miezi 36 ya kuongoza miradi. Asiye na shahada, miezi 60. Kwa kawaida zinahitajika pia saa 35 za mafunzo. Mtihani una maswali 180 kwa karibu saa nne. Ada inatajwa kwa dola, na mwanachama wa PMI hulipa pungufu, kwa hiyo linganisha bei zote mbili pamoja na kiingilio cha uanachama kabla hujalipa. Kozi za saa 35 zipo za bei ndogo mtandaoni na zipo za mamilioni hotelini Dar es Salaam. Kwenye fomu ya maombi saa 35 ni saa 35. Hatuoni sababu ya kulipia ukumbi na chakula cha mchana.

Wengi hukwama kwenye maombi kabla hata ya kuufikia mtihani. Kosa la kwanza ni kuhesabu miezi mara mbili. Ukisimamia visima vya Mbarali na jengo la zahanati Chunya kwa miezi sita ileile, hiyo ni miezi sita, si kumi na miwili. La pili ni kueleza shughuli za kila siku za ofisi kana kwamba ni mradi: kuandaa mishahara, kusimamia stoo, kupanga ratiba za magari. Mradi una mwanzo, mwisho na kitu kinachokabidhiwa. Andika lengo lilikuwa nini, wewe uliamua nini, ukasimamia bajeti na watu gani, na nini kilikabidhiwa. La tatu ni ukaguzi. PMI huchagua baadhi ya maombi bila kutangaza, kisha hutaka waliokusimamia wathibitishe ndani ya siku 90. Bosi wako wa zamani amehamia Kigoma na hapokei simu? Mtafute kabla hujatuma maombi. Ukikubaliwa, una mwaka mmoja na nafasi tatu za kufanya mtihani.

Jina kwenye akaunti lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho utakachoonyesha. Huku kwetu watu wana jina la ubatizo kwenye cheti cha chuo na lingine kwenye NIDA, na mtu anaweza kuzuiwa mlangoni kwa hilo. Kadi ya benki nayo ifunguliwe malipo ya mtandaoni mapema. Mtihani unaweza kufanywa nyumbani, lakini umeme ukikatika au mtandao ukiyumba unaweza kupoteza kikao. Kama huna jenereta au inveta ya kutegemewa, panga safari ya kituo cha mtihani.

Kwa watu wa ujenzi, kipindi kizuri cha kusoma ni Januari hadi Aprili, mvua zinapopunguza kazi saiti. Kuanzia Juni hutakuwa na jioni hata moja.

Kama hujafikisha miezi 36, CAPM, cheti cha PMI cha ngazi ya kuanzia, hakidai uzoefu, kinahitaji saa 23 za mafunzo tu. Lakini kwa asasi tungekushauri PMD Pro, iliyotengenezwa kwa ajili ya miradi ya maendeleo. Mwongozo wake unapakuliwa bure. PRINCE2 ngazi ya msingi haidai uzoefu, na ina uzito zaidi kwa mashirika yenye mizizi Uingereza. Ili usibahatishe, kusanya matangazo ishirini ya kazi unazozitaka na uhesabu vyeti vinavyotajwa. Kama PMP inatajwa mara mbili tu, umepata jibu lako.

Usiandike PMP kwenye wasifu ukiwa bado unasoma. PMI ina daftari la mtandaoni ambalo mwajiri anaweza kulikagua kwa dakika mbili. Ukishafaulu, kila miaka mitatu unatakiwa kukusanya pointi 60 za kujiendeleza. Angalau 35 ziwe za kujifunza, na kazi yako ya kawaida inakupa zisizozidi 8. Semina za bure mtandaoni zinatosha, mradi usisubiri mwezi wa mwisho.

Mwajiri akijitolea kulipa, soma kifungu cha kurudisha gharama. Wengi hudai ubaki miaka miwili au urudishe fedha zote. Omba iandikwe kwamba deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, na kwamba linafutika mfadhili akifunga mradi kabla muda wako haujaisha.